Zakayo Alishuka Mkuyuni

Vijana wangu wa Jericho, Maringo, Bahati na kule Kayole, kesha zenu za Ijumaa nazisikia nikiwa kitandani. Vipaza sauti vinafungwa juu ya ploti, mtaa mzima unaombewa upende usipende, na alfajiri mnarudi nyumbani sauti zimekauka na nyuso zinang'aa. Sina ugomvi na kelele; hata sisi tuliimba tukawanyima watu usingizi. Ninachowaonya ni kuhusu wokovu usiokudai kitu isipokuwa kutuma sadaka kwa M-Pesa.

Mnaambiwa mkipanda mbegu, yaani mkitoa sadaka hiyo, yaliyopita yamefutwa. Basi aliyeambiwa hivyo Ijumaa, Jumamosi anapita mbele ya kibanda cha mama aliyemkopesha unga, anasema "Bwana asifiwe!" kisha anaenda zake. Mama anaitikia "Amina", daftari la madeni liko mkononi.

Juni 2024 mlijaza barabara za Nairobi mkimwita rais Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, na kumtaka ashuke. Wazee tulicheka. Lakini wengi wenu hadithi mliiachia palepale juu ya mti. Fungueni Luka 19, msome hadi mwisho. Mji wenyewe ni Yeriko, jina la mtaa wenu. Zakayo alishuka mkuyuni, akamkaribisha Yesu nyumbani, na kabla ya mgeni kuondoka akawa ameahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Luka hasemi kwamba Yesu alimdai hata senti. Mtu alikaa karibu na Bwana, akaanza kuwakumbuka watu aliowaumiza. Hiyo ndiyo kazi ya uwepo wa Mungu: kabla hujaona maono ya mbinguni, unamwona jirani yako.

Afrika Mashariki ilishaliona jambo hili. Mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church alitoka hospitali ya Gahini, Rwanda, akaja Kampala akiwa hoi baada ya njaa kubwa iliyoikumba nchi ile. Pale Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Hapakuwa na jukwaa wala bango lenye picha ya nabii. Mzungu na Mwafrika walipiga magoti pamoja, jambo ambalo enzi zile za ukoloni lilikuwa muujiza tosha. Church alirudi Gahini, na moto ukawashika wafanyakazi wa hospitali waliokuwa wamechokana wao kwa wao. Uamsho ukasambaa, na mwaka 1937 ukafika Kabete, hapa karibu.

Waliookoka waliitwa ahonoki huko Ukikuyuni. Walijulikana kwa wimbo wao wa Tukutendereza, lakini zaidi walijulikana kwa kugonga milango. Mtu alirudisha jembe la mwajiri wake. Mwingine alikwenda kulipa kodi aliyoikwepa, karani akabaki ameduwaa. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema damu ya Yesu imewatosha. Wakakataa pia bunduki ya serikali. Kila upande uliwaona wasaliti, na wengine waliuawa. Aprili 1954 wanajeshi walipouzingira mji huu na kuwasomba watu kwa malori, mitaa hii ya kwetu haikupona. Kanisa la PCEA pale Bahati limebeba jina la mashahidi hadi leo. Mkipita mkielekea soko la Burma, mjue upya wa watu wale haukuwa wa bei rahisi.

Sitawasifu kupita kiasi. Ushirika wao wa uamsho nao ulizeeka ukawa mkali: nywele za dada zikapimwa, tai ya ndugu ikapimwa. Wengine walitubu hadharani dhambi za watu wengine, wakawataja kwa majina, nyumba zikavunjika. Tubu zako. Za mwenzako mwachie mwenyewe na Mungu wake.

Na mkiona mhubiri anawatenga na mama zenu, shule na dawa, eti ndipo mtamwona Bwana, ondokeni bila kuaga. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo mingi ya watoto. Watu walikuwa wameambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu. Zakayo alimpokea nyumbani kwake mwenyewe, bila kwenda popote.

Sasa wewe uliyekuwa ukinyakua simu pale soko la Mutindwa, na umelia kweli mbele za Mungu: najua unachoogopa. Ukienda kuungama ovyo, umati utakupiga, au utaishia mikononi mwa askari asiyeuliza maswali. Usiende peke yako. Tafuta mzee au mchungaji anayejulikana mtaani, mwende mchana. Kama huna pesa, lipa kidogo kidogo. Mchuuzi wa Mutindwa anaelewa shilingi hamsini za kila wiki kuliko ushuhuda wa saa nzima. Atakayekataa kukusamehe usimlaumu, hana deni kwako. Na kama mwenye simu humjui wala hutamwona tena, mtaani yuko mama wa vibanda asiyeweza kumaliza karo ya mwanawe. Anza na huyo, na usimwambie mtu yeyote wa kesha.