Deni la Anayeuliza

Salamu ya kwanza ya Kiswahili ni swali la maafa, na tumeizoea mno hata hatuioni hivyo. "Hujambo?" Yaani huna jambo? Hakuna lililokufika? Jibu nalo liko mdomoni kabla swali halijaisha: sijambo. Unaweza kuwa na homa, unaweza kuwa umetoka makaburini sasa hivi, bado utajibu sijambo, na za nyumbani nzuri, na za kazi nzuri, na ni baada ya hapo ndipo utasema, "ila tu mama amelazwa." Wageni wanaojifunza lugha yetu hulicheka sana hili. Mimi silioni kuwa unafiki. Naona ni mlango wenye vizingiti viwili: cha kwanza unampa kila mpita njia, cha pili unampa aliyesimama akasubiri.

Ninachojiuliza ni hiki. Mtu aliye mbali, asiyeweza kukufikia wala kukuokoa, akikuandikia "Uko salama?", amekupa nini? Na akishauliza, anadaiwa nini?

Swali lenyewe lilinijia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu. Sisi wa huku vimbunga hatuvijui vizuri. Tuko karibu mno na ikweta, na dhoruba za aina hiyo hupenda kusini zaidi, Msumbiji na Madagaska. Wazee wa Lindi wana mwaka wao wa 1952, Zanzibar wana 1872, mwaka ambao upepo uliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Seyyid Barghash. Halafu Aprili 2021 tukatangaziwa Jobo, Dar nzima ikaambiwa ijiandae, Jobo akafifia baharini kabla hajatufikia. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipoanza kutoa taarifa za Hidaya, nusu ya mji ilicheka. Jina nalo lilichangia. Hidaya ni zawadi, tena ni jina la dada zetu. "Nani kamuudhi Hidaya?" "Hidaya punguza hasira, tutaongea." Nilizisoma zote nikacheka, sisemi uongo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Mei, gridi ya taifa ikapata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesitishwa. Hapa Msasani palikuwa na upepo, mvua, mabati ya jirani yakigonga kama mtu anayetaka kufunguliwa, na simu yenye chaji ya kuhesabu. Na hapo ndipo meseji zikaanza kumiminika. London, Minneapolis, Nairobi, Dodoma. "Uko salama?" "Mko poa huko?" "Nimeona kwenye habari, pole sana ndugu yangu." Grupu la tuliosoma pamoja lilikuwa linawaka. Nilijibu wote kwa maneno mawili, "Nipo salama", huku asilimia za betri zikishuka. Kila jibu lilikuwa linakula kitu nilichokihitaji. Ndipo wazo baya likanijia: hawa wananisaidia mimi, au mimi ndiye ninayewasaidia wao walale?

Mshairi wa Kirumi Lucretius, aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, ana mfano maarufu unaofungua kitabu cha pili cha utenzi wake juu ya maumbile. Mtu amesimama nchi kavu, anawatazama wengine wakihangaika na bahari iliyochafuka, na anaona raha. Lucretius anajitetea haraka kwamba raha hiyo haitokani na kupenda wenzako wateseke. Inatokana na kuona balaa ambalo wewe umeepushwa nalo. Nimewahi kusikia mfano huu ukisifiwa kwa ukweli wake. Sikatai kwamba ni kweli. Ninachokiona ni kwamba mtazamaji wake ni bubu. Hapigi kelele, hatupi kamba, hata pole hasemi. Kiswahili kisingemvumilia mtu huyo. Ukimkuta mtu amebeba mzigo, au amejikwaa mbele yako, unasema pole. Humkuti na kosa, huna ahadi ya kumbebea, ila kunyamaza huwezi. Pole ni neno linalomwondoa mtazamaji kwenye utazamaji wake, walau kwa hatua moja.

Hatua moja tu, lakini. Na simu imeifanya hatua hiyo iwe rahisi kupita kiasi. Zamani anayekujulia hali alilowa. Alitoka kwake, akaja mpaka mlangoni, akapiga hodi, akasubiri. Mchana ule wa Jumamosi jirani yangu, mama mtu mzima, alikuja na kanga kichwani imeloa chapachapa, akaniazima kiberiti. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba huku macho yake yanazunguka chumba changu, dari, sakafu, ndoo. Hakuniuliza kama niko salama. Alikuwa ameshaona. Kiberiti naamini alikuwa nacho.

Mwingine aliyeuliza vizuri alikuwa mbali sana, Muscat. Huyu rafiki yangu ni wa wale ambao bibi zao walizaliwa Unguja na Kiswahili hakijawatoka. Alikuwepo Oman Juni 2007 Gonu ilipoingia, na Shaheen ya Oktoba 2021 ilipoipiga pwani ya Batinah. Hakuandika "Uko salama?" Aliandika: "Maji ya kunywa umejaza? Simu iweke kwenye hali ya kubana chaji. Gari usiache penye korongo. Usinijibu." Ile "usinijibu" ilinikaa. Swali lake lilikuwa na kazi ndani yake, na hakutaka nimlipe kwa ajili ya kuniuliza.

Ukweli ni kwamba hatukuwa sisi wa kuulizwa sana. Hidaya kiliingia kwa upande wa Mafia, kikapoteza nguvu, na mvua zake zikawaangukia watu wa Kilwa, Lindi na Mtwara. Barabara kuu ya Dar kwenda kusini ilikatika kule Kilwa, magari yakakwama foleni siku kadhaa. Sisi Jumapili tulikuwa tunafagia majani. Katika lile grupu yupo mmoja wetu anayefundisha huko wilayani Kilwa. Jina lake lilitajwa mara nyingi Ijumaa, meseji zake zikabaki na tiki moja ya kijivu. Tiki moja ni kitu kizito kuliko maneno mengi. Siku mbili baadaye akaingia hewani, akakuta mlolongo wa "uko salama?" kama hamsini hivi, akajibu:

"Sijambo. Nyumba imelala."

Nikaisoma mara ya pili. Kizingiti cha kwanza na cha pili, katika mstari mmoja. Kisha grupu likanyamaza. Nadhani ilikuwa kama robo saa, ila kwenye simu robo saa ya watu hamsini waliosoma na hawajajibu ni ndefu sana. Unaona tiki za bluu tu. Kila mmoja anapiga hesabu zake: nikiandika pole peke yake itatosha? Nikituma elfu kumi itaonekana ndogo? Nani aanze? Akaanza mmoja ambaye hata siku ile ya Ijumaa hakuwa ameuliza kitu. Akatuma alichotuma, akaandika "Imeingia?" Basi. Wengine tukafuata.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipokaa. Kuuliza si msaada, na si unafiki pia. Ni kujiandikisha. Ukimuuliza mtu kama ana jambo, umeweka jina lako kwenye orodha ya wale ambao jibu la "ndiyo, ninalo" linawahusu. Wengi wetu tunauliza tukiwa na hakika ya jibu, kama mtu anayekaribisha wageni chakula akijua wameshiba. Deni linaanza siku jibu linapobadilika.

Kuna rafiki yangu mmoja mkali, yeye anasema kama huna cha kutoa usiulize, maana unamsumbua tu mtu. Nimebishana naye sana. Kwa kipimo chake maskini hawatajuliana hali kabisa, na ni wao wanaojuliana zaidi ya wote. Anachosahau ni kwamba cha kutoa si lazima kiwe hela. Kiberiti kinatosha kuwa sababu ya kuja.

Ananibana kwingine, na hapo sina jibu zuri. Mbona, anasema, mliuliza ya Hidaya tu? Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za El Nino zilikuwa zimeua watu 155. Watu 155, kabla Hidaya hakijapata jina. Sikumbuki meseji kutoka London. Mvua ya kawaida haina jina la kike, haina ramani yenye jicho jekundu linalozunguka. Hata hapa Msasani yenyewe: wa nje akisikia Msasani anafikiria Peninsula na Slipway, hoteli na upepo wa bahari. Bonde la Mpunga pia ni Msasani, na jina lenyewe linakwambia ni maji ya aina gani yanapenda kukaa pale. Mvua kubwa ikinyesha tu, kuna watu hupandisha magodoro juu ya meza, na anayetokea kuwauliza hujambo ni wa nyumba ya pili ambaye naye kapandisha lake.

Wiki moja baada ya Hidaya, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia sana. Mwaka 1872 Zanzibar haikuwa na waya wowote, ule wa kwanza wa simu za maandishi kutoka Aden ulifika 1879, kwa hiyo habari za mikarafuu ziliondoka kwa meli, kwa mwendo wa meli. Sisi tulirudishwa nyuma kwa siku chache tu, tukachanganyikiwa. WhatsApp inazunguka, picha hazifunguki, grupu kimya. Nikanunua vocha ya muda wa maongezi, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miezi. Kwa salio lile huwezi kuwajulia hali watu hamsini. Ilibidi nichague. Nilipiga namba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Kilwa, na alipopokea nilimuuliza wameshapata mabati mangapi.