Mwizi Asiyeonekana na Sheria Asiyoombwa

Katika kumbi za gemu za Kitale na Bungoma mfalme ni mpira. Wawili hukaa kwenye benchi, hulipia mechi, na aliyefungwa humpisha anayengoja. Gemu ndefu kama Skyrim, iliyotoka mwaka wa 2011, haina nafasi hapo. Nani atalipia makumi ya saa za kuzurura milimani? Hiyo huchezwa nyumbani usiku, kwenye kompyuta ya mitumba, mchezaji akiwa peke yake. Upweke huo ndio unaonivuta, kwani ndimo mtu anamojiwekea sheria ambayo hakuna aliyemwomba, wala hakuna atakayejua akiivunja.

Katika Skyrim, ustadi wa kunyata hukua kwa kutumiwa. Ukikaribia kilele chake, ambacho ni 100, mtu huchutama gizani, akamfuma jambazi mshale, na wenzake wakatafutatafuta kidogo, wakajiambia hakukuwa na kitu, wakarudi kuota moto. Inachekesha mara ya kwanza. Baadaye kicheko hukauka, na mchezaji huanza kujinyima: upinde nauacha, aliyelala simuui, nikishikwa sirudi nyuma, hata kama mchezo niliuhifadhi dakika moja iliyopita. Kwa nini autafute tena ugumu ambao amehangaika kuuondoa?

Jibu la haraka ni kukinai. Lakini aliyekinai angezima akalala. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka wa 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitolea kwa hiari kuvishinda vizuizi visivyo vya lazima. Kwa kipimo hicho, anayejinyima upinde haharibu mchezo, bali anaurudishia uchezo wake. Nakubali, ila hapa magharibi mwa Kenya maelezo hayo hayatoshi. Vizuizi vya lazima havijaadimika kwetu. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia anavyo tele mvua ikichelewa na mbolea ikipanda bei. Hata huyo mchezaji, stima ikipotea ghafla, hupoteza yote ambayo hakuwa ameyahifadhi. Je, kujitungia ugumu mahali kama hapa si anasa?

Labda, lakini tutenganishe mambo mawili. Dhiki ni uzito unaokuangukia bila kukuuliza, na hauondoki ati kwa kuwa umechoka. Changamoto ya kujitwika ina mlango wa kutokea, na mlango huo haufungwi kamwe. Dhiki hukuonyesha unachoweza kustahimili. Haiwezi kukuonyesha unachokitaka, maana hukupewa nafasi ya kukataa.

Mtu wa Bungoma ataniuliza: na sikhebo, tohara ya Wabukusu, je? Mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kijana wa Kibukusu aliyepakwa matope ya mtoni alfajiri husimama wima mbele ya kisu bila kutetereka. Naye, kwa desturi, ndiye aliyeomba kutahiriwa. Lakini yeye ana umati: wajomba, marika, majirani, wote macho kodo. Aibu na fahari humshika mkono. Mchezaji wetu anashikwa na nini?

Plato aliwahi kusimulia habari za Gyges, mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akamtwaa malkia na kumuua mfalme. Swali lilikuwa nani angebaki mwadilifu akiwa na pete hiyo. Skyrim humpa kila mtu pete, tena bila hatia, kwa kuwa majambazi wake si watu. Kwa hiyo kinachopimwa si uadilifu. Ni kitu chembamba zaidi, ambacho nitakiita uaminifu wa faragha: kutimiza neno ulilojipa pasipo mdai.

Hapo pana fundo. Anayedai na anayedaiwa ni mtu mmoja, naye aweza kujisamehe deni wakati wowote. Tuseme mlinzi ndani ya gemu amemwona, amechomoa upanga, na kidole cha mchezaji kiko juu ya kitufe cha F9 kinachomrudisha kabla ya kosa. Akikibonyeza, hakuna aliyedhulumiwa. Nadhani kinachopotea ni wakati wenyewe. Pale ambapo kila tukio linaweza kufutwa, hakuna kilichotukia. Kuna majaribio tu. Asiyebonyeza amejipatia jana isiyorudi.

Na huyo asiyeonekana kabisa, aliyekamilika katika kunyata, ana jana gani? Amepita mijini bila kukumbukwa na mtu. Ndiyo sababu namwonea wivu kidogo yule aliyekamatwa akaamua kubaki amekamatwa. Ataingia jela, atalala kwenye kitanda cha nyasi hadi kifungo kiishe, na gemu itamkata sehemu ya ustadi aliokuwa akiujenga. Akitoka, atakuwa mwizi hafifu kuliko alivyoingia, na mlinzi mlangoni atakuwa anajua alichofanya.