Ndugu Wawili Jijini London

Mtu afikaye London kutoka Mombasa au Unguja huulizwa mapema na wenyeji wake: atatembezwa, au atajitembeza? Swali laonekana kuwa la nauli na muda tu. Akiwa na kadi ya usafiri na viatu vyepesi aweza kujiendea apendako. Akilipia kikundi, atafuata mwavuli ulioinuliwa na kiongozi, aonyeshwe Mnara wa London asubuhi na Westminster mchana, arudi hotelini bila kupotea. Lakini ndani yake limo swali jingine, la kimaadili: akubaliye kuongozwa amemkabidhi mwenziwe miguu tu, au na macho pia?

Majira ya joto ya mwaka 1875, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alikuwa London, mgeni wa serikali ya Uingereza. Miaka miwili kabla, Juni 1873, alikuwa ametia saini, kwa tishio la manowari, mkataba wa kufunga soko la watumwa. Sasa wenye nguvu walikuwa wakimkirimu yule waliyemlazimisha. Aliongozwa vizuri mno. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikuwa naye. George Percy Badger, mjuzi wa Kiarabu, aliwekwa kumhudumia. Alipokewa na Malkia Victoria, na safari yake ikaandikiwa kitabu cha Kiarabu. Wala ziara ya namna hiyo isidharauliwe. Atazamaye maji ya bomba ambayo Barghash aliuletea mji wake, na Beit al-Ajaib aliyoisimamisha mwaka 1883, hawezi kusema kwamba mgeni yule alipita London amefumba macho.

Siku hizohizo, katika mji huohuo, alikuwapo dada yake. Sayyida Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, kisha mwaka 1870 akaachwa mjane huko Hamburg na watoto watatu, mumewe alipokufa kwa ajali ya tramu. Aliposikia habari za ziara, alivuka bahari kumtafuta kaka yake. Hakuna aliyempangia ratiba. Na baina yao palikuwa na deni la zamani: Barghash alipomwasi kaka yao Majid, mwaka 1859, ni Salme, binti aliyejifundisha kuandika kwa siri, aliyekuwa karani wa njama ile.

Hawakuonana. Kwa maelezo ya Salme mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, Sir Bartle Frere alimtaka achague: kukutanishwa na kaka yake, au kuhakikishiwa maisha ya baadaye ya wanawe. Mama alichagua watoto. Ahadi haikutimizwa.

Ni rahisi kumhurumia Salme na kuilaumu ratiba. Mwenye kujiendea aliiona London isiyoonyeshwa wageni wa heshima, London ya milango ifungwayo kwa adabu. Mwenye kuongozwa alionyeshwa fahari. Hata hivyo hukumu hiyo haitoshi, maana kisa hakikuishia London. Mwaka 1885 Salme alifika Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, safari hii yeye ndiye wa kuongozwa, tena na siasa za Bismarck. Barghash alikuwa kwake, juu ya ardhi yake. Alikataa kumpokea. Basi kiongozi hamzuii mtu kuona tu; pengine humpa udhuru asiyetaka kuona. Mtalii wa leo ashukaye basini na kusema kwamba hilo halikuwamo katika ratiba, amepumzishwa na jambo zito kuliko kutafuta njia.

Na yule ajivuniaye kusafiri peke yake, naye ana hesabu yake. Katika Westminster Abbey limo kaburi la David Livingstone, aliyezikwa Aprili 1874, na ambaye wengi humkumbuka kama mfano wa msafiri wa pekee. Jiwe lake lasema kwamba aliletwa na mikono miaminifu. Halisemi mikono ya nani. Jacob Wainwright alikuwamo kati ya waliolishika jeneza siku ile. Susi na Chuma, waliomwongoza kwa miaka na kuibeba maiti yake hadi pwani, waliletwa Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha pita, wakamsaidia Horace Waller kuziandaa shajara za mwisho za marehemu. Waongozaji wakawa wageni, katika nchi ambayo wao ndio waliohitaji kuonyeshwa njia.

Jiwe hilo liko sakafuni, katikati ya kanisa. Mgeni aliyekuja peke yake hulisoma, akapiga picha, akapita. Katika vikundi, hutegemea kiongozi wa siku hiyo: wako wanaosimama na kuyataja majina matatu, na wako wanaotazama saa, kwa kuwa basi linangoja nje.