Haki ya Kutoonekana

Wanazuoni wetu wameafikiana kwamba toba ya aliyemdhulumu mwenziwe haitimii kwa kujuta na kuazimia kutorejea peke yake, bali ni sharti airudishe haki kwa mwenyewe au apate msamaha wake. Wala sijapata kuliona sharti hilo likitatiza kama linavyotatiza katika Umusambi Village, huko Kigali, ambako kinamasi kilichokuwa kimeharibika kimehuishwa kiwe makao ya korongo taji wasioweza tena kuruka.

Ndege hawa, ambao Wanyarwanda huwahesabu kuwa dalili ya utajiri na umri mrefu, walitwaliwa mabwawani wangali makinda, wakauzwa kwa wenye mahoteli na majumba ya fahari ili wapambe bustani, na wasije wakatoroka wakakatwa manyoya ya mbawa, au wakavunjwa mbawa zenyewe. Tangu 2014 wenye ndege walitakiwa wawasalimishe bila ya kuogopa adhabu. Wazima wakapelekwa mbuga ya Akagera, vilema wakaletwa hapa. Korongo wa namna hii aanzapo ngoma yao mashuhuri, huinamisha kichwa chenye taji la dhahabu, akachupa juu, kisha akakunjua mbawa: mmoja ukafunguka wote kwa weupe wake, wa pili ukakomea nusu.

Ardhi imerudishiwa haki yake, kwa kuwa maji yakipata njia matete humea; lakini ubawa haurudi, na ndege hana ulimi wa kusamehe. Tumepokea kwamba Siku ya Kiyama hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Sembuse ndege aliyevunjwa na mja mwenye akili, tena kwa kumpenda? Maana yalikuwa ni mapenzi, na hilo ndilo linitialo wasiwasi, kwani mapenzi yayo hayo ya kutazama ndiyo yatuletayo sisi na darubini zetu.

Nionavyo mimi, iko haki moja iliyosalia katika uwezo wetu, nayo ni haki ya kutoonekana. Kule bustanini, penye majani yaliyofyekwa mafupi, korongo hakuwa na pa kujisitiri na macho ya wageni. Hapa, ijapokuwa hawezi kuruka, aweza kujitoma katika matete asitoke mchana kutwa. Akitokea mgeni wa kunung'unika kwamba amelipa kiingilio na hakuona ila matete, watunzaji na wamsikilize kwa adabu, wamkaribishe siku nyingine, wala wasithubutu kuyafyeka.