Je, Siku Yake Ilikuwa Imefika?

Ndugu mmoja wa Mbinga, ambaye angali anauchunguza Uislamu na hajaingia katika Jumuiya yetu, ameniletea swali ambalo nimekaa nalo majuma kadhaa kabla ya kushika kalamu. Aeleza kwamba katika kiwanja cha kijiji kimoja, upande wa miteremko ielekeayo Ziwa Nyasa, kijana mwenye afya njema alianguka katikati ya mchezo wa mpira bila kuguswa na mtu. Watu wakamzunguka. Mmoja alisema ni kifafa, akaanza kumpanua meno kwa ufunguo. Wengine walisema timu ya pili imekuja na "kamati ya ufundi" yake, basi atafutwe mganga upesi. Walio wengi walisimama tu. Gari lilipopatikana, kijana alikwisha kuwa baridi. Jioni ile wazee wakamwambia mama yake: Siku zake zilikuwa zimefika.

Mwenye kuuliza alikuwa mmoja wa wale waliosimama. Naye asema: "Ikiwa ni kweli siku ya kijana yule ilikuwa imefika, basi mimi sina kosa, kwani hata ningefanya nini angekufa. Na ikiwa ninalo kosa, basi siku yake haikuwa imefika, na mafundisho yenu juu ya kadari si ya kweli. Ni lipi kati ya hayo mawili?"

Twamshukuru ndugu huyu kwa kuuliza waziwazi. Wengi waliokuwapo huko na kwingineko wamejiuliza hayo kitandani usiku wasiyaseme. Lakini kabla ya kuijibu hoja yake, yatupasa kwanza kujua ni nini kinachompata kijana wa namna hiyo, maana nusu ya kosa iko katika kutokujua.

Moyo wa mwanadamu huendeshwa na umeme mdogo utokao ndani ya moyo wenyewe, kwa mpango ambao Mwenyezi Mungu ameuweka tangu mtoto yu tumboni. Katika vijana wachache mpango huo una kasoro isiyoonekana: misuli ya moyo imenenepa kupita kiasi, au mshipa unaolisha moyo umepita mahali pasipo pake, au umeme wenyewe una hitilafu ya kuzaliwa. Wengine moyo wao uliumwa kwa virusi siku chache nyuma, nao wakadhani ni mafua tu. Na mara chache sana, mpira ukimpiga mtu kifuani kwa kishindo wakati fulani mfupi wa pigo la moyo, waweza kuuvuruga hata moyo ulio mzima kabisa. Umeme ukikorogeka, moyo haupigi tena, bali hutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Mtu huanguka. Mwili waweza kujitupatupa kwa muda mfupi, ndipo watu hudhani ni kifafa. Na koo laweza kukoroma kwa vipindi, ndipo hudhani bado anapumua. Wachezaji wengi, hata wa timu kubwa za Ulaya, hupoteza dakika za kwanza wakihangaika kuvuta ulimi wa mwenzao, wakidhani ameumeza. Ulimi haumezwi. Kinachokosekana ni damu kichwani, na baada ya dakika nne au tano ubongo huanza kuharibika.

Dawa ya hali hiyo ni mbili. Ya kwanza ni mikono: kukibonyeza kifua katikati, kiganja juu ya kiganja, kwa kina cha sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma. Kwa njia hiyo mkono wa mtu huifanya kazi ya moyo kwa muda. Ya pili ni mashine ndogo ya kushtua moyo, ambayo hubandikwa kifuani, hujisomea umeme wa moyo yenyewe, humwambia mtu kwa sauti la kufanya, na hukataa kushtua pasipostahili. Kila dakika ipitayo bila mshtuo huo wala mikono hupunguza matumaini ya kupona kwa sehemu 7 hadi 10 katika mia. Tazama basi hesabu ya Mbinga: kutoka mjini hadi Songea ni karibu kilomita 100, na hospitali kubwa ya moyo, Taasisi ya Jakaya Kikwete, iko Dar es Salaam. Dakika kumi za kwanza ni za wale walio kiwanjani, wala hakuna gari liwezalo kuzirudisha.

Sasa natuingie katika hoja. Tarehe 12 Juni 2021, mbele ya macho ya dunia, mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani mjini Copenhagen. Alibonyezwa kifua palepale, akashtuliwa kwa mashine, akaamka. Baadaye yeye mwenyewe alisema kwamba alikuwa amekufa kwa dakika tano. Na Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka mjini London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuwa amekuja kama mtazamaji tu, alishuka kutoka jukwaani akaomba aruhusiwe kusaidia. Moyo wa Muamba haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Naye yu hai.

Je, watu hawa walikufa wakafufuliwa? Hasha. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Muuminun, aya ya 100 na 101, yabainisha kwamba aliyekwisha kufa hana njia ya kurudi katika dunia hii. Mbele yake pana kizuizi mpaka siku ya ufufuo. Basi kwa kuwa wamerudi, ni yakini kwamba walikuwa hawajafa. Moyo ulikuwa umeacha kazi, lakini roho ilikuwa haijatwaliwa. Hata mashine yenyewe haimpi mtu uhai. Inachofanya ni kuunyamazisha ule mtetemeko, ili umeme wa moyo upate kushika tena mpango wake wa asili.

Na sisi Waahmadiyya tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine. Kwani si sisi tuwaambiao ndugu zetu Wakristo kwamba Nabii Isa a.s. alidhaniwa amekufa pale msalabani, ilhali alikuwa amezimia tu? Wangalikuwapo watu wa kusema "siku yake imefika" wakaenda zao. Lakini Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo hawakwenda zao. Walimshusha, wakamhudumia, na majeraha yake yakatiwa marhamu. Tumelihubiri jambo hili miaka mingi kwa ajili ya mabishano. Sijui ni wangapi kati yetu waliolichukua kuwa ni fundisho la namna ya kusimama mbele ya mtu aliyeanguka.

Hapa ndipo hoja ya ndugu yetu inapovunjika upande wa kwanza. Yeye asema: hata ningefanya nini angekufa. Lakini amejuaje? Kurani Tukufu, katika Sura Luqman, yafundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia nchi gani. Basi kama mtu haijui siku yake mwenyewe, vipi aijue ya mwenzake aliyelala mbele yake dakika ya pili tu? Neno "siku yake imefika" ni neno la baada ya kaburi. Asemaye hivyo kabla amejitwalia elimu isiyo yake, na kwa elimu hiyo ya uongo ameifunga mikono yake.

Tena amedhani kwamba kadari ni jambo moja na njia za kutendea ni jambo la pili. Yapokewa katika Tirmidhi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliulizwa kama dawa na kinga hurudisha kitu katika kadari ya Mungu, akajibu kwamba hizo nazo ni katika kadari ya Mungu. Na Hazrat Umar r.a. alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alikata shauri kurudi. Abu Ubaida r.a. akamuuliza, Je, waikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba waikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mchunga ngamia aliye mbele ya mabonde mawili, moja lenye malisho na jingine kavu. Popote atakapowapeleka, atakuwa amewalisha kwa kadari ya Mungu, ila lazima achague. Khalifatul Masih wa Pili r.a. alitoa hotuba ndefu juu ya mas'ala haya katika mkutano wa mwaka 1919, na atakaye kuzama zaidi aitafute. Wanavyuoni husema iko kadari iliyokatwa, na iko kadari iliyotundikwa juu ya sharti. Wamatengo hawahitaji kitabu kwa hilo. Tangu zamani sana wamelima miteremko yao mikali kwa ngoro, mashimo yanayopangwa kama masega, ambayo huyapokea maji ya mvua na kuushika udongo usikimbilie bondeni. Mvua yaja kwa amri ya Mungu. Lakini sijapata kusikia mzee wa Kimatengo aliyeacha kuchimba ngoro akasema udongo ukiondoka siku yake imefika.

Upande wa pili wa hoja pia hausimami. Ndugu yetu adhani kwamba akiwa na kosa, ni lazima kijana angepona. La. Kosa halipimwi kwa matokeo. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003. Walihangaika naye kwa kiasi cha dakika 45, asipone. Na huenda kijana yule wa Mbinga naye asingepona. Tungembonyeza kifua akafa, tungekuwa tumetimiza wajibu. Tusingembonyeza akainuka mwenyewe, wajibu ungebaki haukutimizwa. Mungu ataniuliza juu ya mikono yangu. Matokeo ni yake. Kwa hiyo yawezekana kabisa siku ya kijana ikawa imefika, na aliyesimama bado akawa na la kujibu.

Je, yeye binafsi ana dhambi? Asiyejua hahesabiwi kama ajuaye, na ndugu huyu hakufundishwa na mtu. Atubu kwa kutokujali, kama kulikuwapo, na asijitese kwa asilolijua. Lakini ziko faradhi ziitwazo za kutosheleza: mmoja wa jamii akizitimiza, wote wameokoka, asipopatikana hata mmoja, lawama ni ya wote. Kumwosha maiti na kumsalia ni katika hizo. Yastaajabisha kwamba katika kila kijiji yuko ajuaye kumwosha kijana aliyekufa, na hayuko ajuaye kumzuia asife! Tena Sura Al-Maida, aya ya 33, yafundisha kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Najua atakayepinga. Atasema mashine moja ni shilingi milioni kadhaa, na mama wajawazito wanakosa usafiri, na malaria inaua watoto. Nasi tununue kitu cha kungojea ajali ambayo, kwa hesabu za vyuo vya Marekani, humpata mwanamichezo mmoja kati ya 50,000 au 60,000 kwa mwaka? Pingamizi hili ni la haki, wala silikatai. Mwenye fedha za jambo moja tu aanze na mama na mtoto. Mashine nayo ina betri na vibandiko vinavyokwisha muda. Na nimeona vyombo vya namna hiyo vimefungiwa kabatini, ufunguo uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amesafiri. Mwaka 2013 FIFA ilivigawia vyama vyote vya mpira wanachama wake mikoba ya dharura yenye mashine hii. Lakini toka ofisi ya chama mpaka kiwanja cha kijijini ni safari ndefu. Mashine ikipatikana, iwekwe mjini penye watu wengi, kama uwanjani au stendi, pasipo kufuli, maana itawafaa wazee zaidi kuliko vijana.

Ila mikono haina bei. Huko Denmark, ambako Eriksen alipona, mafundisho haya yaliwekwa kwa sheria katika shule mwaka 2005. Mwaka 2001, kati ya watu mia walioangukiwa na hali hii nje ya hospitali, 21 tu walibonyezwa kifua na wapita njia. Mwaka 2010 walikuwa 45. Na waliokuwa hai baada ya siku 30 waliongezeka kutoka kama 3 na nusu katika mia hadi karibu 11. Bado wengi walikufa. Lakini hao walioongezeka ni watu, wana mama zao.

Nasi tunao wetu. Tarehe 4 Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao ya Mwanza alianguka muda mfupi baada ya kufunga bao dhidi ya Mwadui, akafa. Mungu amrehemu. Kaitaba ni uwanja wa ligi; sembuse kiwanja cha kijiji chenye magoli ya miti.

Kwa mama yule wazee hawakusema uongo, wala mtu asiende leo kumwambia vingine. Kwake yeye neno lile ni dawa, na limekuja wakati wake. Lakini wazee haohao wakikaa katika kamati ya michezo, wasilirudie. Nawe, ndugu uliyeuliza, uanze wewe kwa kuwa ulikuwapo. Nenda kwa mganga wa zahanati akuonyeshe vema namna ya kubonyeza. Kisha utwae gunia, ulishindilie maganda ya kahawa mpaka liwe gumu kama kifua, ulipeleke kiwanjani Jumapili kabla ya filimbi ya saa kumi. Waite wachezaji wa timu zote mbili na mwamuzi, kila mmoja abonyeze dakika mbili kwa zamu, kwani yachosha. Na wale wa kamati ya ufundi pia waite.