Mzee Naye Ana wa Kumtunza

Mwezi wa Desemba jijini London, jua huchomoza kama saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Baridi na giza hilo humfungia ndani mtu wa miaka 80 anayeishi peke yake, na wanaomjali humfikiria kama mtu wa kuhudumiwa tu: aletewe dawa, alipiwe gesi, apigiwe simu. Akiwa na paka au mbwa, husemwa kwamba mnyama huyo anamliwaza. Kauli hiyo inaona nusu ya jambo. Uzee hunyang'anya nguvu, lakini hunyang'anya pia nafasi ya kuwa tegemeo la mwingine, na pigo hilo la pili halitibiwi kwa liwazo. Hoja yangu ni kwamba kumtunza mnyama uzeeni ni tendo la maadili lililo kamili, wala si mchezo wa kupotezea wakati.

Tuitazame kazi yenyewe. Mbwa hutolewa nje hata barafu ikiwa imeganda njiani. Njia hizo hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi huwasha nyayo. Akijilamba inaweza kumdhuru. Kwa hiyo wakirudi, mzee humpangusa kidole baada ya kidole kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, huku mikono yake mwenyewe ikiuma kwa baridi yabisi. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad alisimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa kwa njaa, na za mtu aliyesamehewa kwa kuteka maji kisimani kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba mbwa alishukuru, wala kwamba aliyemnywesha alikuwa mtu mwenye cheo. Lililopimwa ni jinsi kila mmoja alivyoutendea uhai uliokuwa mikononi mwake. Kwa kipimo hicho, mzee yule hana upungufu wowote.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, kumpa mbwa mapenzi yanayostahili watu. Mwanafalsafa Kant naye alifundisha kwamba kwa mnyama hatuna wajibu wa moja kwa moja. Tumtendee wema ili tusije tukawa wakatili kwa binadamu. Nakubali kwamba binadamu hutangulia, na kwamba mtoto anayemnunulia mama yake paka ili asimtembelee hajatimiza kitu. Lakini kosa hapo ni la mtoto. Wajibu mkubwa haufuti mdogo, na mbwa mwenye njaa anaumia yeye mwenyewe, si kama kielelezo cha maumivu yetu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muda. Paka anaweza kuishi miaka 15 au zaidi. Je, ni haki mtu wa miaka 80 kumchukua? Ni haki iwapo atapanga mapema nani atampokea, kama mzazi anavyomwachia mtoto mlezi. Uingereza ina shirika la Cinnamon Trust, lililoanzishwa mwaka 1985, ambalo watu wake wa kujitolea huwatembeza mbwa wa wazee wasioweza tena kutoka, na ambalo huwachukua wanyama wenye wao wanapofariki, kwa makubaliano ya awali. Kusaidiwa kutimiza wajibu hakumwondolei mtu wajibu huo. Hata mzazi kijana hulea kwa msaada wa majirani. Kwa hiyo ndugu anayemwambia mzee amtoe mbwa ili apumzike angeuliza kwanza kama anaweza kuja kumtembeza. Kumpumzisha mtu na kila wajibu ni kumhesabu kuwa amekwisha angali hai.