Usiache Mbachao

Kijana mmoja wa Kwa Mtoro, wilayani Chemba, alipata nafasi ya kusoma Kiingereza na isimu chuo kikuu. Bibi yake, aliyemlea tangu mchanga, alimfungia ubuyu na asali, akamsihi asiache kupiga simu.

Siku za mwanzo bwenini, wenzake walimsikia akiongea na bibi. Kisandawe kina vidoko, sauti zinazotoka ulimi unapobanduka ghafla mdomoni: kimoja kama mlio wa mtu anayesikitika, kingine kama wa anayehimiza punda. Chumba kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo alimjibu bibi kwa Kiswahili. Bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi, akawa anaaga mapema. Kijana akiulizwa kwao wapi, alisema Dodoma mjini.

Mwaka wa pili, kipindi cha fonetiki kilifika kwenye vidoko. Mhadhiri alitaja Kizulu na Kixhosa cha Afrika Kusini, kisha akauliza, "Humu ndani kuna anayejua lugha ya hapa kwetu yenye sauti hizi? Aje atusaidie." Kijana akainamia daftari. Mhadhiri akaandika ubaoni Kisandawe na Kihadza, akajaribu kutamka neno, akakosea. Kijana alisikia kosa lile. Akanyamaza.

Mwaka wa tatu ukaja utafiti. Binti mmoja wa Kondoa alichagua Kirangi, lugha ya mama yake, ambayo katika baadhi ya sentensi za wakati ujao hutanguliza kitenzi kikuu mbele ya kitenzi kisaidizi, jambo adimu katika lugha za Kibantu. Kijana aliyaona hayo mambo ya kijijini. Akaokota desa la mtu aliyemaliza zamani, kuhusu makosa ya Kiingereza ya wanafunzi wa sekondari, akalipeleka steshenari, akabadilisha jina na mwaka. Msimamizi alimuuliza swali moja tu: "Wanafunzi hawa ulikutana nao shule gani?" Jibu hakuwa nalo. Wenzake walivaa majoho, yeye akaambiwa arudie utafiti.

Safari hii alichagua Kisandawe. Maktabani akagundua kwamba Mjerumani Otto Dempwolff alichapisha kitabu kuhusu Wasandawe mwaka 1916, na kwamba mwaka 2012 Sander Steeman alikamilisha sarufi ya lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Watu walivuka bahari kuifuata lugha aliyoificha bwenini.

Akarudi Kwa Mtoro na simu ya kurekodia. Bibi, akipepeta uwele, alitaja neno. Kijana akalirudia ili ahakikishe. Kidoko cha ubavuni mwa ulimi kikatoka cha mbele. Akarudia tena, vilevile. Mtoto wa jirani, wa darasa la pili, akamsahihisha bila hata kugeuza shingo. Bibi akaweka ungo chini. "Mume wangu," alisema, "neno hili ulikuwa nalo kabla hujaota meno. Umeliacha wapi?"

Vijana wetu mnaosoma lugha, funzo ndilo hili. Kiingereza kinahitajika, na anayekidharau anajifungia milango. Lakini isimu ni elimu ya lugha zote za wanadamu, na nyanda hizi za kati ni ghala lake: Kigogo na Kirangi ni za Kibantu, Kiburunge ni cha Kikushi, Kisandawe kina vidoko vyake. Utajiri huo wengine huusoma vitabuni tu. Ninyi mmezaliwa ndani yake. Aibu ya bwenini ilidumu dakika chache, lakini kimya kilichoifuata kilimgharimu kijana yule mwaka mzima wa masomo, na ulimi wake haujarudi wote hadi leo. Kishikeni Kiingereza kwa mikono miwili. Ila bibi akipiga simu, mpokeeni kwa lugha aliyowabembelezea.